Mashine Mmetuletea, Kitabu Chake Kiko Wapi?

Barua ya wazi kwa wakubwa wanaosimamia mafunzo ya amali Unguja na Pemba

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Mimi ni fundi wa vyuma wa hapa Chake Chake. Nina karakana ndogo yenye kerezo kuukuu la kuchongea vyuma nililoachiwa na marehemu mjomba wangu, keekee moja ya umeme ya kutobolea na majiliwa mawili. Riziki yangu inatoka kwenye bushi za injini za mashua, shafti za mashine za kusagia, na kila kinachovunjika kati ya Mkoani na Konde. Jioni, siku tatu kwa wiki, nasaidia kufundisha katika kituo kimoja cha amali. Sitakitaja, kwa sababu walioko pale ni wenzangu, wanajitahidi, na hili ninalolisema si lao peke yao.

Naandika hadharani kwa kuwa barua mbili nilizopeleka kwa utaratibu wa kawaida zilipokewa, zikagongwa muhuri, na safari yao ikaishia hapo.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka chini asilikose. Kabla hamjanunua mashine nyengine ya kuchongea vyuma kwa kompyuta, tengeni fedha ya kuandika na kurekodi mafunzo ya ile iliyopo: kwa Kiswahili, kwa milimita, juu ya mashine ile ile, na wayaandike mafundi.

Mashine yetu ilikuja ndani ya sanduku la mbao refu kuliko mtu. Ikashushwa, ikafungwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Nilikuwepo, na furaha yangu siku ile ilishinda ya wanafunzi. Wageni walipoondoka tukafungua mfuko wa nailoni uliobandikwa ubavuni mwa mashine. Ndani mlikuwa na CD moja na kijitabu cha kurasa thelathini na kitu. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza ambacho ukikisoma unahisi kimetolewa kwenye Kichina usiku wa manane na mtu mwenye usingizi. Kuna sentensi moja vijana wameifanya mzaha mpaka leo, inakataza kuigusa mashine "inapokuwa na hasira". Tulikuja kufahamu miezi baadaye kwamba maana yake ni pale taa nyekundu ya hatari inapowaka. CD nayo, kompyuta za kituo hazina pa kuitia. Tukazunguka mji mpaka tukampata mpiga video wa harusi pale Machomanne mwenye kompyuta ya zamani. Tukaifungua. Ndani mlikuwemo kijitabu kile kile.

Kwa msomaji asiyefanya kazi hii, nieleze kidogo. Mashine ya CNC, yaani hiyo ya kuchonga kwa kompyuta, haioni wala haijui inachonga nini. Inasoma mistari ya maandishi, mmoja baada ya mmoja. G00 ni kwenda mbio bila kukata. G01 ni kwenda moja kwa moja huku ukikata. G02 na G03 ni kuzunguka, huku kulia, huku kushoto. M03 ni kuzungusha kisu, M05 ni kukisimamisha. Jambo lenyewe si jipya: mashine ya kwanza ya kuchonga kwa tarakimu ilioneshwa na chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1952, na utaratibu wa maandishi haya, unaoitwa RS-274-D, ulikamilishwa 1980. Kazi ndogo, kama kutoboa matundu manne kwenye bamba, unaweza kuiandika kwa mkono kwenye daftari. Lakini ukitaka umbo lenye mikunjo, tuseme pangaboi la pampu, itakubidi mistari maelfu, na hakuna binadamu wa kuiandika. Hapo ndipo programu za CAM zinapoingia. Unachora kitu chako kwenye kompyuta, unaiambia kisu gani, kina gani, kasi gani, nayo inakuandikia mistari yote.

Na hapo ndipo penye mtego. Programu haikatai. Ukiiambia ujinga, inakuandikia ujinga huo mistari elfu tatu, safi, iliyopangika, bila ya kosa hata moja la tahajia.

Kutafuta mafunzo ya programu hizi nimekufanya kwa miaka miwili, aghlabu baada ya saa sita za usiku ambapo bando ni rahisi. Sisemi hayapo. Yapo mengi mpaka yanatisha. Ukitafuta leo utapata video za kutosha kukuweka macho mpaka Ramadhani ijayo. Taabu ni kupata yanayomfaa kijana wa Pemba aliye mbele ya mashine ya Pemba.

Kuna vile vitabu vinene vya programu zenyewe. Nimepakua kimoja cha kurasa zaidi ya mia sita. Kinaeleza kila kitufe kilichomo na hakielezi hata kimoja kwa nini. Ukifika penye neno usilolijua, tuseme kina cha kila pito, maelezo yake yanasema: "Andika hapa kina cha kila pito." Ahsante! Ni sawa na kumuuliza mtu njia ya Wete akakujibu kuwa ni ile iendayo Wete. Vitabu vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ni fundi, anayehama kutoka programu moja kwenda nyengine. Si vibaya. Ila si vyetu.

Halafu kuna video. Hizi zina walimu wazuri, tena wengine wanafundisha bure na kwa moyo. Nimejifunza kwao mengi na Mungu awalipe. Lakini mwalimu yule ana mashine yenye bei ya kujengea skuli nzima. Anabonyeza kitufe, kijiti chenye kilulu chekundu kinashuka, kinagusa chuma mara tatu, mashine inajua yenyewe kazi iko wapi. Anasema, "Sasa tunaendelea." Sisi hatuna kijiti hicho. Kijana wangu amebaki ameshika simu, anaitazama mashine yake, na somo limeshakwenda mbele dakika nne.

Na kuna flashi. Mnajua na mimi najua: programu za bei kubwa zinazunguka mkononi zikiwa zimevunjwa kufuli, pamoja na masomo yaliyokatwa vipandevipande, somo la 3 lipo, la 4 halipo, la 5 lina virusi. Mafundi wengi wa mashine za kuchongea mbao hapa Zanzibar, zile za meza ya milimita 1300 kwa 2500, wamejifunzia ArtCAM kwa njia hiyo. Programu hiyo kampuni yake, Autodesk, iliacha kuiuza 2018. Vijana bado wanajifunza vitufe vyake mwaka huu, na siwalaumu, ndicho walichokipata. (Wazee wa nakshi za milango wana lao la kusema kuhusu mashine hizo. Wana haki yao, lakini leo siingii humo.)

Sasa niwaambie hasara moja, ili msidhani nalalamikia usumbufu tu.

Kijana mmoja, wa mwaka wa pili, mwerevu, mkono mwepesi, alitaka kuchonga mfereji kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Alikuwa amefunga kisu cha milimita 10 cha haispidi, yaani chuma kigumu cha visu, chenye makali manne, kipya, tulichokiagizia Dar es Salaam na kukisubiri wiki tatu. Alijifunza kwa somo la Kimarekani. Mwalimu wake wa kwenye simu alisema kwa kisu cha haispidi kwenye chuma kama hiki, kasi ni 100. Kijana akaandika 100. Programu yake ilikuwa imewekwa kwa milimita, kwa hiyo pale palipoandikwa kasi ilingoja mita kwa dakika. Mwalimu alikuwa akizungumza kwa futi.

Futi 100 ni kama mita 30 na nusu. Tofauti yake ni zaidi ya mara tatu. Hesabu yenyewe haina uchawi: kasi ya kukata unaizidisha kwa 1000, unaigawa kwa 3.1416 mara kipenyo cha kisu. Kwa mita 30 na kisu cha milimita 10 unapata mizunguko 955 kwa dakika. Kwa mita 100 unapata 3183. Mashine ikazunguka 3183 kwa utiifu kabisa.

Nilikuwa upande wa pili wa karakana, na harufu ilinifikia kabla ya sauti. "Maalim, mbona inanuka?" ananiuliza. Maranda ya chuma yalikuwa yanaruka buluu iliyokoza, mazuri kwa macho, kama mabawa ya inzi. Kwa kisu cha kabaidi, kinachostahimili moto zaidi, rangi ile inaweza kupita. Kwa kisu cha haispidi ni kilio. Nilipofika kwenye kitufe chekundu makali yote manne yalikuwa yamekwisha, yameviringa na kung'aa kama kucha iliyochomwa. Dakika moja na nusu, na wiki tatu za kungoja zikaenda.

Alisema, "Nilifuata kama alivyosema." Na kweli alifuata. Sikuwa na la kumwambia.

Mahali pa kukosea kama hapo ni pengi. Kuna suala la lahaja, kwa mfano. Maandishi ya G ni lugha moja, lakini kila mtengenezaji wa kompyuta za mashine ana namna yake ya kuisema, kama vile Mpemba, Mtumbatu na Mmakunduchi wote ni Waswahili lakini ukimtia mgeni kati yao atajikuna kichwa. Programu ya CAM ina faili dogo linaloitwa posti, ambalo kazi yake ni ukalimani: linachukua njia ya kisu na kuiandika kwa lahaja ya mashine yako. Ukichagua posti isiyo yako, bahati nzuri mashine itagoma na kuandika kosa. Bahati mbaya itafahamu nusu. Sisi tulipata bahati nzuri: iligoma mstari wa tatu, na ikagoma hivyo hivyo kwa muda wa miezi miwili mpaka nikapata kuelewa tatizo ni nini. Faili sahihi alikuwa nalo aliyeiuza mashine. Hakuna aliyemwomba, kwa sababu kwenye karatasi za ununuzi halikutajwa.

Mtaniuliza mafunzo mazuri basi yakoje. Nitawaonesha kwa somo moja ambalo tumeliandika wenyewe kwenye daftari, mimi na vijana watatu, na ndilo ninalojivunia kuliko yote. Somo la karatasi.

Unafunga kazi, yaani kipande cha kuchongwa, kwenye jiliwa, chombo cha kukibania. Unafunga kisu. Mashine haijui uso wa kazi uko wapi, na lazima uiambie, kwani ukikosea kwa milimita 5 kisu kitapiga mbizi ndani ya jiliwa. Chukua kipande cha karatasi ya daftari la kawaida, lile la mistari. Kipime unene kwa mikromita, letu lilikuwa karibu na 0.1 ya milimita. Kisu kikiwa kimesimama, kabisa hakizunguki, weka karatasi juu ya kazi, ishike ncha yake kwa vidole viwili na uwe unaisukuma na kuivuta taratibu. Mkono wa pili unashusha kisu: kwanza kwa hatua za 0.1, ukikaribia badilisha uwe unashusha kwa 0.01. Karatasi itakuwa inateleza, inateleza, halafu utaisikia inakamatwa. Haijakwama, inakamatwa tu, kama mtu aliyekushika nguo kwa adabu. Simama hapo. Sasa kisu kiko juu ya kazi kwa unene wa karatasi. Iambie mashine kwamba hapo ni 0.1, siyo sifuri. Iandike kwenye G54, pale mashine inapohifadhi sifuri ya kazi. Nyanyua kisu, toa karatasi, na kabla hujafanya lolote muite mwenzako aje aangalie namba kwenye kioo.

Somo hilo linachukua robo ya saa. Tangu tulianze hatujapiga jiliwa hata mara moja. Halikuhitaji kijiti chenye kilulu chekundu. Njia yenyewe hatukuivumbua sisi, mafundi wanaitumia duniani kote tangu zamani, lakini kwa kijana aliyesoma kwa simu ilikuwa mpya, kwa sababu mwalimu wa kwenye simu haihitaji na haitaji.

Somo la pili tuliloandika ni la umeme. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga utufikie 2010 Pemba tumepumua, alhamdulillahi, lakini umeme unakatika bado, na unakatika kisu kikiwa ndani ya kazi. Umeme ukirudi unafanya nini? Mashine imesahau ilipokuwa. Ukiirudisha mwanzoni mwa programu utakata hewa nusu saa; ukiianzia katikati bila kuikumbusha ni kipimo gani, sifuri ipi, mzunguko upi, itakwenda inakokujua yenyewe. Katika video zote nilizotazama sijamwona hata mmoja akifundisha hilo. Nadhani kwao umeme haukatiki.

Basi mafunzo mazuri ni hayo: yamekaa mbele ya mashine unayoigusa, kwa vipimo unavyovitumia, yanaanza na mchoro na kuishia na kitu unachoweza kukipima kwa venia, na yanakuonesha makosa kwa makusudi. Kile kisu kilichoungua kilitakiwa kiwe picha katika ukurasa wa kwanza.

Kuna watakaosema: vijana wajifunze Kiingereza, dunia ndiyo ilivyo. Sipingi wajifunze. Mimi mwenyewe ninachokijua nimekichimba kwa Kiingereza, na kamusi pembeni. Lakini angalieni jambo hili. Kijana wetu amesoma Kiingereza cha mtihani skuli. Anajua kueleza mzunguko wa maji na safari ya nyanya yake shamba. Hakuna aliyemfundisha Kiingereza cha karakana. Kwa hiyo anajifunza vitu vitatu kwa mpigo: lugha, programu na chuma. Akikosea hajui amekosea kipi. Mwondolee kimoja, viwili atavimudu.

Na maneno tunayo. Hili linaniuma kidogo, niruhusuni. Babu zetu walikuwa na jiliwa, kerezo, keekee, tupa, tindo, parafujo, hesi (yale meno ya parafujo). Nikimwambia kijana "kaza jiliwa", ananitazama mpaka niseme "vaisi". Lugha ya mji wa Unguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu kinachosomeshwa Afrika Mashariki yote, na katika karakana zake hesi imekufa. Baraza la Kiswahili, BAKIZA, lingefanya jambo kubwa kukaa na mafundi siku mbili tatu na kuyafufua haya. Ila natahadharisha: wakae karakanani, wasijifungie ofisini kututengenezea maneno ya silabi tisa ambayo hakuna fundi atakayeyapigia kelele mashine ikiwa inanguruma. Kisu, kina, kasi, njia ya kisu, sifuri ya kazi. Posti ibaki posti. Koleti, kile kishikio cha kisu, ibaki koleti.

Kuhusu programu ya kufundishia, najua mtauliza, kwa sababu ndiko fedha zinakokwenda. Zile kubwa kama Mastercam zina nguvu zake na viwanda vingi duniani vinazitumia, lakini leseni zake kwa kituo kama chetu ni mzigo, na leseni ikiisha somo limeisha. Fusion ya Autodesk ina toleo la bure kwa matumizi binafsi, na wengi ndiko wanakoanzia. Lakini tangu Oktoba 2020 toleo hilo lilipunguzwa, maandishi yake hayatoi tena mwendo wa mbio, yaani kisu kinatembea hewani polepole kama kinakata, na kubadilisha visu kwa programu moja kumeondolewa. Tena inataka intaneti. Kuna toleo la wanafunzi lisilo na vizuizi hivyo, ambalo huombwa kwa uthibitisho wa chuo. Hilo ni jambo ambalo ofisi yenu ingeweza kulishughulikia kwa asubuhi moja kwa niaba ya vituo vyote.

Mimi ningependa FreeCAD. Ni programu huria, haina leseni ya kulipia, haiishi muda, inafanya kazi bila intaneti, na ndani yake imo sehemu ya CAM. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kujengwa. Sikudanganyeni, ina ukaidi wake, na mtu aliyezoea zile za bei atainunia. Lakini kwa kuwa ni huria, tunaruhusiwa kuitafsiri, kuigawa kwa flashi, kuiweka kwenye kila kompyuta ya kila skuli kutoka Nungwi hadi Makangale, na hakuna wa kutudai. Iunganishwe na LinuxCNC, nayo huria, ambayo inaweza kuiga mashine kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida. Kijana anaandika programu, anaiona mashine ya mchoro ikitembea, anagonga jiliwa la mchoro, anacheka, anarekebisha. Kwetu sasa vijana kumi na nane wanangojea zamu kwenye mashine moja. Wengi wa hao kumi na nane wangekuwa kwenye kompyuta.

Wala msiogope kwamba mafunzo yatachakaa. Vitufe vya programu vinahamahama kila mwaka, ni kweli, leo kiko kulia kesho kiko juu. Lakini G01 ya 1980 ndiyo G01 ya leo. Hesabu ya kasi ya kisu haibadiliki. Karatasi ya daftari haibadiliki. Tukiandika robo tatu ya kitabu juu ya hayo na robo tu juu ya vitufe, robo hiyo tutairudia kila baada ya miaka miwili na iliyobaki itatufaa mpaka wajukuu.

Kwa hiyo nirudi kwenye ombi. Mtafute mafundi wanne, wawili Unguja na wawili Pemba, wenye mikono iliyokwaruzika. Muwape kijana mmoja anayejua kamera na mwengine anayejua kuandika, kwani mafundi wengi, na mimi mmoja wao, tukiandika tunaruka hatua tunazoziona za wazi. Muwalipe, msiwaambie wajitolee. Nimejitolea miaka minne, najua kunakoishia. Wapewe mashine kwa miezi sita, jioni na siku za mapumziko, na chuma cha kuharibu. Kazi za mazoezi ziwe za hapa: bushi ya mtambo wa mafuta ya karafuu, gia ya mashine ya kusagia mwani, pangaboi la pampu ya kisima. Kijana akimaliza somo awe na kitu ambacho kuna mtu Wawi au Micheweni anakihitaji kesho. Leo gia kama hiyo ikivunjika inapanda boti Mkoani, inakwenda Unguja, inavuka Dar es Salaam, na mwenye mashine anakaa wiki mbili mikono kifuani.

Mafunzo yakishakuwa tayari msiyaweke kwenye intaneti peke yake. Yatieni kwenye kompyuta za vituo, yagaweni kwa flashi, yachapeni kwa karatasi inayovumilia mafuta. Na pale mnapoona somo zuri la mgeni linalostahili kutafsiriwa, mwandikieni mwenyewe kuomba ruhusa. Barua yenye nembo ya serikali hujibiwa. Ya kwangu mimi, niliyemwandikia mmoja wao kwa Kiingereza cha kubangaiza, haikujibiwa, na simlaumu.

Na safari ijayo mkinunua, kwenye karatasi za zabuni muandike mstari mmoja zaidi: muuzaji alete faili la posti, kitabu cha kompyuta ya mashine kinachosomeka, na mtu wa kukaa nasi wiki mbili, siyo siku ya utepe tu.

Daftari letu limefika kurasa 43. Masomo kumi na moja, michoro kwa kalamu ya risasi, na kurasa tatu zina madoa ya mafuta ambayo nakuombeni mtusamehe. Nalitoa bure kwa atakayetumwa kulichukua, ila kwa sharti moja: lisomwe kwanza na fundi aliyenizidi ili anisahihishe, kwani somo la saba, la kukata hesi kwa mashine, sina yakini nalo na sitaki kijana alifuate kama alivyofuata lile la futi mia. Baada ya alasiri huwa nipo karakanani kila siku isipokuwa Ijumaa.

Wenu mtiifu,
Fundi wa vyuma,
Chake Chake, Pemba